Kwa nini ukitoka kuogelea njaa inakuwa kali kuliko ukitoka kukimbia?

#1 Mdau wa Kigamboni (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Nina jambo nimelibeba muda mrefu na nimelileta humu kwa sababu najua kuna manesi, wavuvi, walimu wa michezo na watu waliokulia pwani.

Mimi ni mtu wa mbio. Asubuhi nakimbia, narudi, naoga, nakunywa maji, na chai naweza kuisogeza mbele hadi saa nne bila shida yoyote. Jumapili ndiyo siku yangu ya bahari. Siogelei kwa mashindano, naenda na kurudi sambamba na ufukwe, polepole tu, nikichoka naelea chali natazama mawingu. Nikitoka hapo njaa niliyonayo haina adabu. Nakula wali wa watu wawili, halafu usingizi unanibeba mchana kutwa. Na raha ninayoisikia mwilini, mbio hazijawahi kunipa. Mgongo wangu wa kukaa ofisini unatulia mpaka katikati ya wiki.

Swali langu: ni nini hasa kilichomo majini kinachofanya hivi? Jasho silioni, moyo haudundi kama nikikimbia, na bahari yetu hii ni ya uvuguvugu. Nimeuliza kazini, kila mtu ana jibu lake. Karibuni.

#2 Njiwa wa Tabata
Upepo wa bahari huo mkuu. Mimi naishia maji ya magotini na bado nikirudi nyumbani namaliza ugali.

#3 Mwalimu wa Bwawa
Mdau, jibu ni joto. Nafundisha watoto kuogelea na hili naliona kila siku. Maji hupitisha joto takribani mara 25 kuliko hewa. Ngozi ya mtu iko kwenye nyuzi 33 hivi, sasa hata bahari ikiwa nyuzi 28 bado iko chini ya mwili wako, na kila dakika unayokaa humo inakunyonya moto. Kwenye hewa ya nyuzi 28 unatoka jasho, kwenye maji ya nyuzi 28 ukikaa sana unaanza kutetemeka.

Watoto wembamba ndio wa kwanza. Jua linawaka, maji unayasikia ya kawaida kabisa, lakini midomo ya mtoto inabadilika rangi. Nikiona hivyo namtoa, namfunga taulo, na jambo la kwanza analouliza ni chakula. Mwili umetumia akiba yake kupambana na maji, unataka ilipwe.

#4 Mchagga wa Mabondeni
#3 sikubaliani nawe moja kwa moja. Sisi huku tunakwenda Chemka, ile chemchemi ya Kikuletwa. Wageni wanaambiwa ni maji ya moto, ukiingia ni uvuguvugu mtamu, unaweza kukaa humo hadi vidole vikunjamane. Hakuna anayetetemeka. Na tukitoka, ndizi na nyama zinaisha kabla hazijapoa. Hapo baridi iko wapi?

#5 Mwalimu wa Bwawa
#4 uvuguvugu bado uko chini ya joto la mwili ndugu yangu. Kutotetemeka si kwamba hupotezi joto.

#6 Nesi wa Zamu
Jamani, joto limo, ila mmelishika mkia. Swali la mleta mada lina pande mbili: kwa nini kuogelea kunaleta njaa, na kwa nini kukimbia HAKULETI. Upande wa pili ndio wenye siri.

Ukikimbia kwa nguvu, mwili unapanda joto, damu inakwenda kwenye misuli na kwenye ngozi, tumbo linaachwa kando. Homoni inayoamsha njaa hushuka kwa muda. Ndiyo maana baada ya mbio kali mtu hatamani chakula, anatamani maji tu. Ndani ya maji joto unalotengeneza linachukuliwa palepale, kwa hiyo huenda ile breki ya njaa haikazwi.

Kuna jaribio lilifanyika Florida, matokeo yakatoka 2005. Watu walifanya mazoezi yaleyale, mara moja kwenye maji ya nyuzi 33 na mara nyingine kwenye maji ya nyuzi 20, kisha wakaachwa wale wanavyotaka. Baada ya maji ya baridi walikula zaidi kwa asilimia 44. Mazoezi hayakubadilika. Kilichobadilika ni maji.

#7 Msomaji Mkimya
#6 asante dada. Niongeze mambo mawili ili mtu asije akalichukua zima zima. Watu wale walikuwa wanakanyaga baiskeli wakiwa wamezamishwa majini, hawakuwa wanaogelea. Na walikuwa wachache, hawakufika hata kumi na watano. Halafu nyuzi 20 si bahari ya Kigamboni. Nyuzi 20 ni bwawa la Arusha mwezi wa saba. Kwa hiyo jaribio lile linamweleza mtu wa Arusha kuliko linavyomweleza Mdau.

#8 Nesi wa Zamu
#7 sawa kabisa kwa baiskeli. Lakini ile hoja ya breki ya njaa inabaki hata kwenye nyuzi 28. Mwambie mtu akimbie saa sita mchana Dar halafu umpe pilau uone.

#9 Kipepeo wa Nyali
Salamu kutoka Mombasa. Nyinyi mnasahau kazi yenyewe. Maji ni mazito kuliko hewa karibu mara 800. Kila mkono unaotupa mbele unasukuma mzigo, na hamna kiungo kinachokaa bure: mabega, mgongo, tumbo, mapaja, hadi vifundo vya miguu. Mkimbiaji mikono yake inamsindikiza tu.

Na asiye na mbinu anachoka maradufu, kwa sababu nguvu yake nyingi inaishia kurusha maji juu. Mnamkumbuka Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta, Sydney 2000? Mita 100 mtindo huru. Wenzake wawili wakatolewa kwa kuchupa kabla ya ishara, akaogelea peke yake. Alikuwa amejifunza kwenye bwawa dogo la hoteli, la mita 50 alikuwa hajawahi kuliogelea. Mita za mwisho kila mtu aliona mikono imekwisha. Akafika kwa 1:52.72. Mimi nikimtazama yule mtu sioni kichekesho, naona ushujaa mtupu, na naona jinsi maji yanavyodai nguvu kutoka kwa asiyeyazoea.

Sasa linganisha na kijana wetu Jason Dunford wa Kenya, Beijing 2008, mita 100 mtindo wa kipepeo. Kwenye mchujo aliogelea 51.14 na ikawa rekodi ya Olimpiki kwa muda. Ukitazama mkono wake unavyoingia majini, hakuna povu la bure.

#10 Fundi Bomba
Ndiyo maana Phelps, yule muogeleaji wa Marekani, alikuwa anakula kalori 12,000 kwa siku. Kuogelea ni kula.

#11 Msomaji Mkimya
#10 hiyo ya 12,000 Phelps mwenyewe aliikana. Alisema ni kama 8,000 hadi 10,000, na alikuwa mazoezini saa nyingi kila siku.

#12 Fundi Bomba
8,000 mkuu! Nani humu anafika hata nusu yake? Hoja yangu imesimama.

#13 Njiwa wa Tabata
Mimi nafika, kwenye harusi.

#14 Mtoto wa Malindi, Unguja
Assalamu alaykum wapendwa. Nimesoma yote na naona mnatafuta mbali. Njooni Forodhani jioni mtazame vijana wa makachu. Wanachukua mbio kwenye ukuta, wanajirusha, mmoja anapinduka hewani mara mbili, mwengine anaingia kichwa chini miguu juu, watu wanapiga makofi, wanapanda tena. Hao hawaogelei masafa. Majini wanakaa kidogo tu, wanarudi ukutani. Misuli ya kusukuma maji iko wapi? Baridi iko wapi? Na wakimaliza wanakwenda moja kwa moja kwenye urojo na mishikaki.

Mie naona ni harufu na mazoea. Pwani yote unakoogelea pana mtu anachoma kitu. Kwenu Coco Beach ni mihogo na pweza, kwetu ni urojo na zanzibar pizza. Mwili umeshajifunza: ukitoka majini, unakula. Barabarani unakokimbilia alfajiri nani anakuchomea mishikaki?

#15 Mdau wa Kigamboni
Ami #14 umenipa la kufikiria. Ila ninakoogelea mimi ni mbali na wachomaji, asubuhi mapema, hakuna moshi wala harufu. Njaa inanikuta vilevile.

#16 Mtoto wa Malindi, Unguja
Mazoea hayahitaji moshi. Tumbo lina saa yake.

#17 Jua Kali Mbezi
Hamjaligusa jua. Watu wengi wanaodai kuogelea kunachosha wamekaa ufukweni saa tano nzima, wameunguzwa, hawakunywa maji, chumvi imewakauka mwilini. Hapo hata ungekuwa umekaa tu kwenye mkeka ungelala. Tofautisheni uchovu wa jua na uchovu wa kuogelea.

#18 Nesi wa Zamu
#17 ana hoja, na mimi niiunge kwa upande mwingine. Ukisimama majini hadi shingoni, maji yanakubana kutoka pande zote. Damu iliyokuwa imelala miguuni inasukumwa kifuani. Moyo unajaa zaidi, unapiga kwa utulivu zaidi (ndiyo maana Mdau haoni moyo kudunda). Mwili ukihisi kifua kimejaa unadhani una maji ya ziada, unaamuru figo ziyatoe. Kila mtu anajua mkojo unavyombana akikaa majini.

Kwa hiyo unatoka ukiwa umepungukiwa maji bila kujua, kwa sababu jasho huwezi kuliona na kiu ya majini hujificha. Huenda baadhi ya njaa hiyo ni kiu. Mdau jaribu: ukitoka majini, kunywa kwanza maji ya kutosha, ukae kidogo, ndipo uangalie njaa imebaki kiasi gani.

#19 Mama Wawili Morogoro
Mimi sina utaalamu wa damu wala homoni, nina magoti. Yalikuwa yamenichosha, ngazi nazipanda kwa kushika ukuta. Daktari akaniambia nipunguze uzito, nikamwuliza nitembeeje na magoti haya? Mtaalamu wa viungo ndiye aliyenipeleka bwawani.

Alinieleza kwamba maji yakifika kiunoni miguu inabeba kama nusu ya uzito, yakifika shingoni inabaki kama sehemu moja ya kumi. Nikaanza kwa kutembea tu, huku na huku, nimeshika ukingo. Sikuamini. Nilikuwa natembea bila kuuma! Niliinua goti mpaka juu na nilitoka machozi pale majini. Kisha nikajifunza kuelea, kisha kuogelea kichura taratibu, ingawa kwa goti langu nikaambiwa ule upigaji wa miguu wa chura si mzuri, nitumie wa kunyoosha.

Leo napanda ngazi. Njaa ninayo, ndiyo, nabeba yai la kuchemsha na ndizi kwenye mkoba. Nimewaandikia wale wanaodhani kuogelea ni mambo ya vijana na watalii.

#20 Kipepeo wa Nyali
#19 hongera sana mama. Na aliyekuambia kuhusu goti na kichura amekuelekeza vizuri, goti linapindishwa pembeni pale.

#21 Baba Twaha
Naomba kuuliza nje kidogo ya mada. Mwanangu ana pumu. Kuna mtu ananiambia kuogelea kunamfaa, mwingine ananiambia bwawa litamzidishia. Nimsikilize nani?

#22 Nesi wa Zamu
#21 wote wawili wana sehemu yao. Hewa ya juu ya maji ina unyevu, haikaushi njia ya pumzi kama hewa kavu ya barabarani, na kuogelea kunamzoeza kuvuta na kutoa pumzi kwa mpangilio. Hilo linawafaa wengi. Tatizo ni bwawa lililofungwa lenye harufu kali. Harufu ile watu wanadhani ni usafi, kumbe ni klorini iliyokutana na jasho na mkojo, na hiyo ndiyo inayowasha macho na kifua. Tafuta bwawa la wazi, lisilonuka, mtoto aoge kabla ya kuingia, dawa yake ya kuvuta iwe ukingoni mikononi mwako. Na daktari wake ajue kabla hamjaanza.

#23 Baba Twaha
Nashukuru sana.

#24 Mkerewe Halisi
Nasoma uzi huu nikiwa visiwani huku Ziwa Victoria. Mnaongelea njaa, na mimi nilitamani tuongelee kwanza nani anajua kuogelea. Huku kwetu tumezungukwa na maji na watu wazima wengi hawawezi hata kuelea. Mv. Nyerere ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 karibu kabisa na gati la Ukara. Karibu na gati! Watu zaidi ya 200 hawakurudi. Sisemi kila mmoja angeokoka kwa kujua kuogelea, kivuko kikipinduka watu wananaswa ndani, wanashikana. Lakini tangu siku ile mimi siwezi kusikia mtu akisema kuogelea ni starehe tu.

Wazazi wetu walitukataza ziwa, na walikuwa na sababu: mamba, kichocho, dhoruba. Matokeo yake mtoto anakua akiliogopa ziwa analolipita kila siku.

#25 Mwalimu wa Bwawa
#24 pole sana ndugu. Mimi kwa mtoto somo la kwanza si kuogelea, ni kuelea chali. Masikio majini, kidevu juu, kifua kimejaa hewa, tumbo limeinuliwa. Mapafu yakijaa hewa mwili wa watu wengi unaelea wenyewe. Kinachomzamisha mtu ni kuinua kichwa na mikono juu, hapo uzito unaotoka nje ya maji unausukuma mwili uliobaki chini. Mtu akijua kulala juu ya maji dakika chache, ameshapata nafasi ya mtu kumfikia.

#26 Jua Kali Mbezi
Kichocho kwenye ziwa vipi? Nilitaka kuwapeleka watoto Mwanza likizo.

#27 Mkerewe Halisi
#26 kichocho kipo. Konokono wake wanakaa penye majani na maji yaliyotulia kandokando. Kukaa mbali na matete kunapunguza hatari, hakuiondoi. Baharini hakuna kichocho. Ukiwa umeingia ziwani, baada ya wiki kadhaa nenda kapime, dawa ya prazikwanteli ipo na inatibu.

#28 Mtoto wa Malindi, Unguja
Nimuunge mkono Mkerewe. Hata kwetu, kisiwa kizima, wanawake wengi hawakufunzwa kuogelea. Mtoto wa kiume anatupwa majini na kaka zake, wa kike anabaki mchangani kufua na kuokota chaza. Wengine wanalima mwani maji yakiwa kiunoni, na kuogelea hawajui. Kaskazini kule Unguja tangu 2011 upo mradi wa Panje unaowafunza wasichana na wanawake kuogelea, wakiwa wamevaa mavazi ya kuwasitiri kuanzia kichwani hadi miguuni. Dada yangu mdogo alijifunza ukubwani kwa mwalimu mwanamke na vazi lake la stara, na mama aliyekuwa akigomba sasa ndiye anayemkumbusha siku ya somo.

#29 Bi Mkubwa wa Tanga
#28 Mungu awabariki. Mimi nimeanza nikiwa na wajukuu. Shida yangu haikuwa vazi, ilikuwa nywele. Wanawake wenzangu wengi wanajinyima maji kwa ajili ya nywele. Lowesha nywele maji safi kabla hujaingia, paka mafuta, suka mabutu, vaa kofia ya mpira, ukitoka suuza palepale. Nywele iliyokwisha kunywa maji safi hainywi sana ya klorini. Na kuhusu njaa: sisi tukitoka ufukwe wa Raskazone tunakunywa chai ya tangawizi kwanza, njaa inatulia. Wazee wetu walituambia tusiingie majini na shibe, na tukitoka tusikimbilie chakula kizito.

#30 Fundi Bomba
Hilo la shibe ni kweli, ukila ukaingia unakakamaa misuli unazama.

#31 Msomaji Mkimya
#30 hilo limesemwa miaka mingi lakini ushahidi wa watu kuzama kwa sababu ya chakula ni haba mno. Ukila sana utakuwa mzito, utachefuka. Pombe ndiyo inayozamisha watu.

#32 Bi Mkubwa wa Tanga
Mwanangu #31, wazee hawakusema kuzama tu. Walisema usiingie na shibe. Kuchefuka si katika hayo hayo?

#33 Msomaji Mkimya
Shikamoo bibi. Hapo sina pingamizi.

#34 Mbongo wa Helsinki
Salamu kutoka Finland. Huku watu wanatoboa barafu ya ziwa na kuingia majini. Wanaingia, dakika moja mbili, wanatoka, wanakimbilia sauna. Nilijiunga nao. Pumzi inakukatika pale mwanzo, unahema bila kupenda (na hapo ndipo hatari ilipo, usiingie kwa kuchupa na usiingie peke yako), halafu inapita, na ukitoka mwili mzima unawaka raha, mawazo yote yamefutika.

Sasa nawaletea tatizo kwenye nadharia ya joto: baada ya kuingia kwenye barafu mimi SISIKII njaa kali. Nasikia furaha. Njaa ninaipata nikiogelea kilomita kwenye bwawa la ndani lenye maji ya uvuguvugu. Kama ni baridi, ingekuwa kinyume.

#35 Mwalimu wa Bwawa
#34 dakika mbili ni chache, joto unalopoteza ni la ngozi tu, na sauna inakurudishia. Kaa nusu saa kwenye nyuzi 20 ndipo ulinganishe.

#36 Kipepeo wa Nyali
#34 umenipa ushindi bila kujua! Kilomita nzima, misuli yote. Kazi, ndugu zangu, kazi.

#37 Mzee wa Ngalawa
Nimevua tangu utoto, pwani ya Bagamoyo. Nina maneno mawili. La kwanza, mnaoogelea sambamba na ufukwe kama mleta mada mnafanya vizuri, ila jueni maji. Siku za bamvua maji hupanda na kushuka sana, na yakitoka hutoka kwa nguvu kupitia milango ya miamba. Ukiona unavutwa nje usipambane kurudi moja kwa moja, utakwisha nguvu. Kata kwa upande, ukishatoka kwenye mkondo ndipo urudi.

La pili, njaa. Sisi tukizamia pweza na kamba tangu asubuhi njaa haiji majini kamwe. Inakuja mguu ukigusa mchanga. Unaweza kukaa humo nusu siku husikii kitu, ukikanyaga nchi kavu tumbo linaanza kudai. Nimeona hivyo kwa baba yangu na kwa wanangu. Huyo anayesema kiu imejificha majini yuko karibu na ninachokijua.

#38 Nesi wa Zamu
Mzee wetu #37, shikamoo. Hilo la mguu kugusa mchanga lina maana kwangu: maji yakikuachia, damu inarudi miguuni, mwili unahisi uzito wake ghafla. Ndiyo maana mtu akitoka majini miguu inakuwa mizito na wengine huona kizunguzungu.

#39 Jua Kali Mbezi
Na usingizi je? Mdau aliuliza mawili, mmemjibu moja.

#40 Mwalimu wa Bwawa
Usingizi ni joto tena. Mwili huingia usingizini joto lake la ndani likishuka. Ukitoka majini umeshashushwa.

#41 Mchagga wa Mabondeni
Au ni wali wa watu wawili.

#42 Mbongo wa Helsinki
Mimi naona ni pumzi. Ukiogelea unahesabu mikono, unavuta, unatoa, simu haipo, sauti za watu zimezibwa na maji. Akili inapumzika kwa namna ambayo barabarani haiwezekani, huko unaangalia magari. Akili iliyopumzika inaruhusu mwili ulale.

#43 Mama Wawili Morogoro
#42 hapo umesema. Mle majini hakuna anayeniita.

#44 Mrundi wa Buja
Naandika kutoka Bujumbura. Ninaogelea Ziwa Tanganyika, kwenye fukwe tunazojua viboko hawaji mchana. Kwangu mambo ni kinyume na ya mleta mada: nikitoka majini siwezi kula hadi jioni, ila nikikimbia mlimani naanguka kwenye sahani. Na mke wangu anafanana na Mdau. Maji ni yaleyale, saa ni ileile, chakula ni kilekile. Nani ana jibu la hilo?

#45 Mwalimu wa Bwawa
#44 mkeo ni mwembamba kuliko wewe?

#46 Mrundi wa Buja
Hapana, mimi ndiye mwembamba.

#47 Kipepeo wa Nyali
Basi nadharia ya joto ina kazi hapo. Mwalimu, tunakusubiri.

#48 Mwalimu wa Bwawa
Kimlima cha Bujumbura si mchezo, huko ndiko anakofanya kazi kubwa. Nipe muda, nitarudi na hili.

#49 Mdau wa Kigamboni
Wakuu, nimekunywa maji kama Nesi alivyosema. Njaa ilipungua kidogo, haikuondoka. Nimejaribu pia chai ya tangawizi ya Bi Mkubwa na ni tamu sana. Jumapili hii nataka kuogelea jioni, jua limepoa, ili Jua Kali naye apate jibu lake. Mzee wa Ngalawa, mwezi unaandama wikiendi hii, maji yatakuwaje?

#50 Mzee wa Ngalawa
Mwezi ukiandama ni bamvua. Maji yatajaa karibu saa kumi alasiri, ukiingia saa tisa unusu utayakuta yanamalizia kupanda. Saa kumi na mbili usiwe ndani, yatakuwa yanatoka kwa kasi. Kila siku inayofuata ongeza kama dakika hamsini.

#51 Njiwa wa Tabata
Saa kumi nitakuwepo. Mtoto wa Malindi kanishawishi, safari hii napita magoti. Nani anakuja kunifundisha kuelea?

#52 Mwalimu wa Bwawa
Nipo. Njoo na taulo, na usile sana mchana.